Hamira, Mwoka Mikate Aliyeacha Unga Nje ya Mlango

Jina lake la cheti limeandikwa kwenye jalada la programu mliyoshika mkononi, na ni jina zuri, lakini tangu utoto wake hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa makarani wa benki. Sote tulimwita Hamira. Wengi wenu mnadhani jina hilo lilitokana na kazi yake ya kuoka mikate. Sivyo. Alipewa na mama yake mzazi kabla hajajua hata tanuri ni nini, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuumuka. Neno moja la utani lilitosha: mashavu yamejaa, macho yamemtoka, na kabla hujamwomba radhi amekwisha kunywea na anacheka yeye mwenyewe. Leo tunamsindikiza, na familia imeomba maisha yake yasimuliwe kama yalivyokuwa, bila kutiwa chumvi, maana mwenyewe alizoea kusema kwamba chumvi ikizidi donge haliumuki.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yake alikuwa fundi wa breki. Mama yake alikuwa mshonaji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Nyumba ile ilitikisika kila mabehewa yalipogonganishwa, vikombe vikacheza kabatini, na watoto wa pale walijifunza kulala fofofo katika kelele yoyote. Kipaji hicho Hamira hakukipoteza. Alipokuwa mtu mzima aliweza kusinzia amesimama, ameegemea gunia, na ukimwuliza akasema anafikiri.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965. Hesabu alizimudu, imla ilimshinda. Dada yake, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka siku mwalimu alipowauliza wanafunzi wangependa kufanya kazi gani. Mmoja alisema rubani, mwingine hakimu, na Hamira, aliyekuwa amelowa mvua tangu asubuhi, akasimama akasema, “Mimi mwalimu nataka kazi yoyote, bora iwe ndani na iwe na joto.” Darasa zima liliangua kicheko. Mwaka uliofuata akaipata kazi hiyohiyo.

Mwaka 1966 alichukuliwa kuwa mwanagenzi katika duka la mikate karibu na kituo cha mabasi. Bwana wake alikuwa mzee mmoja asiyesema sana, na kila alichomfundisha alimfundisha kwa kumshika mkono na kumpeleka panapotakiwa. Alimfunza kukanda donge mpaka lisishike tena vidole, na kugonga kitako cha mkate kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kwa sababu mkate ulioiva hulia kama ngoma na usioiva hunyamaza. Mwaka 1981 Hamira alifungua duka lake mwenyewe, kile chumba kirefu cha paa la bati mnachokijua, tanuri la matofali upande wa mwisho na meza ya mbao iliyolika katikati. Alilipenda duka lile mpaka mke wake akawa anauliza yupi ni mke mkubwa.

Na mke huyo tumzungumzie. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1978, miaka miwili baada ya kukutana kwa ugomvi. Wakati huo yeye alikuwa karani wa posta. Alinunua mkate, akakuta uzi wa gunia ndani yake, akaurudisha. Hamira akaumuka kama kawaida yake.

“Dada, huo uzi si wangu.”

“Basi ni wa ngano,” akamjibu. “Siku hizi ngano inashonwa?”

Hamira akacheka mpaka akashika meza. Akampa mikate miwili badala ya mmoja, na yule dada akarudisha wa pili, akasema shida yake ilikuwa ya mkate mmoja. Watu waliokuwepo wanasema ndipo Hamira alipokwisha kwa mapenzi. Mungu aliwajalia wana wawili, wa kwanza ambaye sasa ni fundi umeme, na wa pili ambaye ndiye mwenye tanuri leo.

Kisha, tarehe 3 Mei 1994, wakati mama alikwisha kugawa nguo zote za watoto kwa majirani, akazaliwa binti. Hamira alikuwa na miaka arobaini na mitatu na alikuwa amejikatia tamaa ya kupata mtoto wa kike. Siku hiyo alimsimulia kila mteja, na wako walioondoka wakiwa wamejua uzito wa mtoto, sura yake na kilio chake, wakasahau mkate waliokuja kununua.

Hapa familia inaomba mvumilie kidogo, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza sehemu hii isifupishwe. Alisema yako mambo aliyojifunza ambayo mzazi mwingine anaweza kuyahitaji.

Nyumba yake ilikuwa na desturi. Mtoto akifikia umri wa kuanza kula, alipewa ganda la mkate wa kwanza wa siku atafunie ufizi, na sehemu laini ya ndani ikavurugwa kwa maziwa ikawa chakula chake. Wana wawili walikuzwa hivyo na wakanenepa. “Mtoto wa mwoka mikate asipoota meno kwa mkate, aotee nini?” Hamira aliuliza. Kitindamimba naye akala hivyohivyo, na alipenda, akanyoosha mikono akiona sahani.

Alipofikisha miezi tisa hivi, aliacha kuongezeka uzito. Hakuharisha wala hakutapika kwa kiasi cha kutisha. Alikuwa tu amepauka, amechoka, mwepesi wa kulia, na nepi zilizombana mwezi uliopita zikawa zinamvuka. Siku moja alishikwa na homa ndogo, mama yake akampeleka hospitali, daktari wa watoto akaagiza damu ipimwe. Homa iliisha yenyewe. Lakini majibu ya damu yalionyesha kwamba ini la mtoto haliko sawa. Macho yake hayakuwa ya njano, tumbo halikuwa limevimba, na bado vipimo vya ini vilikuwa juu mara kadhaa kuliko inavyotakiwa.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kamba shingoni. “Ini likiumia,” alimweleza Hamira, “linavujisha kwenye damu vitu ambavyo vingetakiwa vibaki ndani yake. Kwa hiyo kuna kitu kinaliudhi. Ni kitu gani, bado sijui.”

Habari hiyo ilimkata Hamira maini. Alifikiri ini ni la wazee na walevi. Alipoulizwa, kama wanavyoulizwa wazazi wote, kama nyumbani kuna pombe, alijibu, “Daktari, mimi ninakunywa chai. Na hata hiyo chai mke wangu ananipimia sukari.” Wakapima homa za ini za kila namna, mtoto na mama yake. Hakuna. Wakauliza dawa, wakauliza magonjwa ya ukoo, wakauliza mitishamba. Hapo mama yake Hamira, aliyekuwa anaishi nao, akashika kiuno. “Nimelea watano wangu na wajukuu juu yao. Mtoto huyu sijampa hata jani la mnanaa.” Wakaambiwa wasubiri, warudie vipimo. Walipovirudia, vilikuwa vimepanda zaidi.

Na wakati wa kusubiri, Hamira alifanya kosa ambalo lingeweza kufanyika katika nyumba ya mwoka mikate tu. Aliona mtoto anadhoofika, akasema anahitaji chakula bora. Akatafuta unga mweupe kuliko wote, akaupepeta mara mbili, akamwokea binti yake vimkate vidogo vya peke yake, laini, vya maziwa. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, kipande baada ya kipande, akimbembeleza. Mtoto akala na akazidi kudhoofu.

Daktari hakuliacha jambo hilo. Alimpigia simu mwenzake wa hospitali kubwa, na mwenzake akamwuliza kama mtoto anakula ngano. Siku ya kliniki akamgeukia Hamira na swali lilelile.

“Mkate wangu, daktari,” Hamira akasema, kifua mbele. “Asubuhi, mchana na jioni.”

Daktari akaweka kalamu chini. Kisha akawaeleza kuna ugonjwa unaoitwa siliaki. Mwenye kuwa nao huzaliwa na mwelekeo huo, na akila ngano, shayiri au rai, ile nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano, mwili wake hukasirishwa na kitu kimoja kilicho ndani ya nafaka hizo, gluteni, ukaanza kuupiga vita utumbo wake mwenyewe. Wengi hujulikana kwa kuharisha na tumbo kujaa. “Lakini kwa watoto wengine wachanga,” akasema, “tumbo linakaa kimya na ini ndilo linalotangulia kulalamika. Sina hakika bado. Tupime.” Wakapima damu kwa kipimo kingine, kisha wakaenda hospitali kubwa, mtoto akalazwa usingizi, wakapitisha mpira mwembamba mdomoni hadi kwenye utumbo wakachukua vipande vidogo vya kuangaliwa. Majibu yakarudi. Ni siliaki.

Hamira aliumuka kuliko siku zote za maisha yake. “Ngano? Ngano hii hii iliyolisha mtaa mzima? Iliyowalisha kaka zake?” Akatoka nje akapiga mlango. Mke wake alibaki na daktari akiuliza maswali na kupokea majibu. Baada ya muda mlango ukafunguka, Hamira akaingia amenywea, akakaa, akasema, “Samahani, daktari. Endelea. Tumpe nini?”

Wakambadilishia chakula. Wali, mahindi, viazi, ndizi, maharage, mayai, nyama, maziwa ya mama yake. Ndani ya miezi michache mtoto akaanza kucheka tena. Akashika kiti, akasimama. Nyumba ikafurahi. Ila ini, lililoanza kushuka vizuri, likafika mahali likagoma. Daktari akatazama majibu akasema kwa upole, “Bado anapata ngano mahali fulani. Si nyingi. Lakini anaipata.”

Ni nani basi? Macho yote yakamwendea bibi, kwa kuwa bibi ndiye aliyeshinda na mtoto. Hamira alimsimamia mama yake jikoni akamwambia, “Mama, nakuomba. Kama unampa kamkate kwa huruma, acha. Utaniulia mtoto.” Bibi aliweka mwiko chini. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na tangu siku hiyo akawa anakula peke yake. Wale waliokuwa watoto wakati huo wanasema hawajawahi kuona nyumba yao ikiwa baridi vile.

Aliyefumbua jambo ni mama mtoto. Siku hiyo hakwenda posta, alikuwa amekaa sebuleni anakunja nguo, mume wake akaingia kutoka kazini wakati wa chakula cha mchana. Mtoto akamtambalia mbio. Hamira akamnyanyua, kama alivyofanya kila siku, akambusu, akamkumbatia shingoni. Na mtoto akaanza kumlamba baba yake kidevu. Akamshika vidole, akavinyonya kimoja kimoja. Hamira alikuwa na ndevu siku hizo, na ndevu zilikuwa nyeupe kwa unga. Kucha zilikuwa na donge. Shati, nywele, masikio, vyote unga.

“Mume wangu, simama hapohapo,” mke wake akasema. “Kikulacho ki nguoni mwako.”

Hamira akamtazama binti yake. Midomo ya mtoto ilikuwa myeupe. Akamkabidhi kwa mama yake, akatoka, akakaa kwenye kizingiti, akalia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakipita. Hakuwa mtu wa kulia. Lakini alikuwa ameelewa kwamba yeye, aliyempenda mtoto yule kuliko roho yake, ndiye aliyekuwa akimletea ugonjwa kila siku, na akiuleta kwa kumkumbatia.

Alipoweza kusimama alizunguka nyumba akaenda kwenye dirisha la mama yake.

“Mama, nimekosa. Si wewe, ni mimi. Ni huu unga wangu. Nisamehe.”

Sauti ya bibi ikatoka ndani: “Nimesikia. Kaoge kwanza, ndipo uje unisemeshe.”

Siku iliyofuata alinyoa ndevu, na hakuzifuga tena mpaka kufa. Alimwita fundi bomba, akajengewa bafu nyuma ya duka. Kuanzia hapo, kazi ikiisha, Hamira alikoga, akasugua kucha kwa brashi, akavaa nguo safi zilizotunzwa kwenye sanduku lenye kifuniko, ndipo akaenda nyumbani. Nguo za kazi zilifuliwa dukani. Viatu vya kazi havikuvuka kizingiti cha nyumba yake, na mkate nao vilevile, hata siku za wageni. Mtaa ulimcheka sana. “Hamira, leo harusi ya nani?” walimwuliza wakimwona anapita adhuhuri amechana nywele, shati limepigwa pasi. Wengine walisema mganga hajigangi, mwoka mikate anakula viazi kwake. Aliwajibu, “Cheka, ndugu yangu, cheka. Mwanangu anakua.”

Na kweli alikua. Kabla ya kutimiza miaka miwili na nusu, vipimo vya ini vikarudi mahali pake, na havikupanda tena. Daktari aliwasomea majibu, Hamira akaomba asomewe tena, kisha akaomba asomewe mara ya tatu pole pole. Alimshukuru daktari, akamshukuru muuguzi, akamshukuru aliyemtoa mtoto damu, na akiondoka akamshukuru mlinzi wa getini, ambaye mpaka leo hajui alishukuriwa kwa lipi.

Tangu hapo hakuacha kushukuru. Watu walitarajia alichukie lile ini lililowakosesha usingizi, lakini yeye alilisema vizuri kama rafiki. “Lile ini lilinisengenya mapema,” alikuwa akisema. “Lingenyamaza, ningemmaliza mwanangu kwa mkono wangu, huku najisifu kwamba namlisha vizuri.”

Binti alipoanza shule alitaka mkate kama wenzake. Hamira akajifungia akaanza kujaribu unga wa mchele, wa muhogo, wa mtama, kwa vyombo vipya visivyowahi kugusa ngano, jikoni kwake nyumbani. Mkate wa kwanza uligoma kukatika. Wa pili kaka zake waliufanya kizuizi cha mlango. Wa tatu ulipasuka, na aliugonga kitako chake ukanyamaza kabisa, akautukana. Aliendelea hivyo mwaka mzima, mpaka ukatoka mkate mdogo, mzito kidogo, lakini mkate. Binti akaupaka siagi akala, na Hamira akasimama pale anamtazama, hakula yeye mwenyewe chochote.

Baadaye daktari alipopata mtoto mwingine wa namna hiyo, kisha mwingine, wazazi wao walielekezwa kwa Hamira wajifunze kupika. Akajenga chumba kidogo cha peke yake, mbali na duka, akawaokea. Hakujifanya tabibu. Mzazi akimletea mtoto aliyedhoofu alimwambia, “Mimi najua unga. Ini na tumbo nenda kwa daktari mwenyewe.” Daktari huyo amestaafu, na yuko nasi leo, mstari wa pili, na familia inamwomba apokee shukrani zetu kwa mara nyingine, ingawa tunajua Hamira alikwisha kumchosha nazo.

Mwaka 2016 kifua kilianza kumsumbua. Unga aliouvuta tangu ujana ulikuwa umemharibu mapafu. Alipoambiwa hivyo alitikisa kichwa akacheka kwa shida. “Nguo nilivua,” akasema. “Mapafu ningeyavuaje?” Alimwachia mwanawe wa pili tanuri, akawa anakaa kwenye kiti nje ya duka, upande usiokuwa na upepo, akikosoa kila mkate unaopita. Miaka miwili ya mwisho alitumia hewa ya mtungi. Mke wake alimuuguza kwa subira na utani, na wauguzi wa zahanati walikuja nyumbani bila kuchoka. Mwenyezi Mungu awalipe. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, asubuhi, kitandani kwake, mke wake amemshika mkono, na neno lake la mwisho lililosikika wazi lilikuwa ahsante, alilomwambia kwa ajili ya maji.

Ametanguliwa na wazazi wake na ndugu zake watatu. Ameacha mjane, dada mmoja, wana wawili na wake zao, wajukuu watano, vijana wa dukani aliowafunza kazi, na wazazi wengi ambao watoto wao walikula mkate wake wa muhogo.

Na ameacha binti. Upo mwaka ambao familia hii iliogopa kwamba jina la binti huyo lingesomwa katika orodha ya waliotangulia, na kwamba Hamira angekaa mbele, hapo walipokaa wafiwa leo, na koti lake jeusi. Binti ana miaka thelathini. Ana afya. Amekuja hapa kwa miguu yake, na yeye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza.

Mungu amlaze pema Hamira, baba anayezikwa na mwanawe.